Sote Tumo?

Wewe, gari imewahi kukuita?

Usikimbilie kujibu. Sisemi honi, wala breki zinazolia kwenye kona. Nasema umekaa, umetia ufunguo, umeupinda, na kabla injini haijashika, kitu kule mbele kimetamka neno, na neno lenyewe ni la lugha ya kwenu. Harub bin Thani angekwambia hapana, haijawahi kumtokea. Tena angekwambia kwa Kiarabu, kwa sababu wakati huo, mwisho wa mwaka 1970, Harub alikuwa ameshaamua kwamba Kiswahili hakijui.

Alikijua kuliko mimi na wewe. Alizaliwa Unguja, akasoma Unguja, akaoa Unguja, na aliondoka Unguja Januari ya 1964 akiwa amelala chini ya jamvi, sakafuni mwa gari ya jirani. Miaka sita alikaa Kuwait. Muscat ilipofungua milango na serikali mpya ikawa inatafuta watu wa kusoma na kuandika, akaja na mama yake, Bi Shaikha, na mkewe, Mahfoudha, na mtoto wao wa pekee, Nasriya, aliyekuwa na miaka saba. Akapata kazi ya kufasiri barua za Kiingereza kwa Kiarabu, akapanga nyumba Muttrah. Wiki ya kwanza tu kazini aliwasikia wenziwe wawili wakimcheka mtu kwa Kiarabu chake, "Zinjibari yule," na alipokuwa akirudi nyumbani alikuwa na amri tayari: Kiswahili basi.

Mahfoudha alikubali kabla mumewe hajamaliza sentensi. Bi Shaikha ndiye aliyeuliza.

"Sasa mimi ntasema na nani, mwanangu? Nna miaka sabiini. Kiarabu changu mie cha kusalia tu."

"Basi sali sana, mama," akasema Harub. Alilisema hilo kwa Kiswahili, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Gari ilikuja mwezi wa Novemba. Nyeupe, milango minne, ikashushwa kutoka melini kwa tishari, viti bado vimevaa nailoni. Ilikuwa lazima iwepo. Ofisi ya Harub ilikuwa Muscat, ng'ambo ya mlima wa Riyam. Skuli ya wasichana aliyoandikishwa Nasriya ilikuwa huko huko, na huko huko Mahfoudha alikuwa amepata kazi ya kufundisha darasa la kwanza. Asubuhi ya kwanza wote watatu waliingia, baba na mama mbele, mtoto nyuma, na Bi Shaikha akasimama mlangoni na leso yake kuwasindikiza. Harub akapinda ufunguo.

Krrr. Krrr. Kisha injini ikashika.

"Nani anayekuna nazi?" akauliza Bi Shaikha.

Hapakuwa na nazi mtaa mzima. Harub akasema gari mpya hukaza, itazoea, akatia gia wakaenda.

Haikuzoea. Siku ya tatu mkwaruzo ulikuwa mrefu zaidi. Siku ya tano ulipanda na kushuka, kama mtu anayevuta pumzi akimbiapo. Harub akampelekea Sleyum.

Sleyum alikuwa fundi wa magari Ruwi, chini ya paa la mabati, naye pia mtu wa Unguja. Tofauti yake na Harub ni kwamba hakumficha mtu. Alizungumza Kiswahili na wateja, na spana, na paka. Alifungua boneti akapima betri. Akaivua stata, akaishika mwangani.

"Tazama meno haya, sheikh. Hata mtoto mchanga hana meno mapya hivi."

"Mtoto mchanga hana meno kabisa," akasema Harub kwa Kiarabu.

"Ee, kumbe unanisikia."

Sleyum akairudisha stata, akaangalia meno ya gurudumu la injini, akaangalia mkanda wa feni, akakaza kila parafujo. Akakaa mwenyewe akawasha. Gari ikashika mara moja, laini kama hariri. Akazima, akawasha mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Hakuna kitu. Akamwambia Harub akae yeye. Hakuna kitu. Harub akarudi Muttrah amefurahi, na kesho yake asubuhi, mke kashakaa, mtoto kashakaa, akapinda ufunguo, na ile sauti ikatoka ndefu mpaka jirani akafungua dirisha.

Sleyum alikuwa fundi kweli, na fundi kweli hapendi kushindwa. Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe Muttrah na mapema, akasema hataki kufungua kitu, anataka kutazama tu. Akamkalisha Harub peke yake: kimya. Akamtia na mtoto: kimya. Akamtoa mtoto akamtia mama: kimya. Kisha akamtia mama mbele na mtoto nyuma.

"Washa, sheikh."

Krrr, krrr, krrr.

Akawashusha, akawapandisha, akawabadilisha mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa moja. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, na mikono yake ilikuwa safi.

"Chuma hakichagui abiria," akasema mwisho. Alimtazama Harub, akamtazama Mahfoudha kidogo, akatazama chini. "Mimi sina spana ya kitu hiki."

Mahfoudha akacheka. Alisema, kwa Kiarabu cha kufundishia, kwamba fundi asiyejua kazi husingizia wanawake. Lakini tangu siku ile alipanda gari kama mtu anayeingia maji baridi, na mlango alikuwa akiufunga kwa mikono miwili.

Neno lilitoka Jumamosi. Asubuhi kulikuwa shwari, hata mbuzi wa mtaa hawakuwa wakilia. Harub akapinda ufunguo, na ule mkwaruzo ukaanza kama kawaida yake, puani, n'n, n'n, n'n, ukapanda, ukafunguka kama mdomo unavyofunguka:

"N'n… n'ngo… n'ngojeni."

Injini ikashika. Mlangoni, Bi Shaikha alikuwa amepiga magoti.

Jioni yake bibi alimwita mwanawe chumbani, akafunga mlango, akasema naye polepole, kwa lugha aliyokatazwa.

"Mimi nna masikio, Harub. Ile sauti ya Masouda."

"Mama, ile ni stata."

"Stata haiwezi kunambia ningoje. Masouda alikuwa akisema hivyo hivyo, na pumzi yake fupi, akitufata sokoni na mtoto begani. N'ngojeni, bibi. Miguu yangu si yenu." Akashusha sauti zaidi. "Ikiwa kafa, Mungu amrehemu, maiti haiendeshi gari. Lakini liko jini linaokota sauti ya mtu aliyekufa na kitu moyoni, likaivaa. Linakwenda nayo mpaka kwa wenye kitu hicho."

"Hatuna kitu chake. Alikataa kuja."

"Nani kasema kakataa?"

Harub alimjua aliyesema. Masouda alikuwa yaya wa Nasriya. Tangu mtoto ana siku saba ndiye aliyemlaza, aliyemwogesha, aliyemfunga mgongoni. Siku zile za Januari, walipojificha ghalani, ndiye aliyetoka kutafuta maji wakati hapana mwengine aliyethubutu kutoka. Na siku ya kuondoka hakuwamo garini. Harub alilijua hilo walipofika gatini tu, alipotoka chini ya jamvi. Mahfoudha, mtoto analia mapajani, akamwambia: kakataa, kasema yeye ana watu wake. Harub alishangaa siku mbili tatu. Kisha akaona raha kutoshangaa.

Baada ya Jumamosi ile ikaingia harufu. Gari yenye wiki tatu, nailoni bado mpya, ikinuka maziwa yaliyolala. Mahfoudha aliosha viti kwa sabuni, akafukiza udi mpaka mapazia ya nyumba yakanuka, na kila adhuhuri, wakati wa jua kali, mji umelala na milango imefungwa, harufu ilirudi, tamu na chungu pamoja. Na Nasriya akaanza kusogea. Zamani alikaa katikati ya kiti cha nyuma, miguu inaning'inia. Sasa alijibana dirishani upande wa kushoto, akakunja gauni lake vizuri, kama mtoto mwenye adabu anayempisha mtu mzima.

"Kwa nini unakaa hivyo?" Harub akamuuliza.

"Ili atoshe," akasema Nasriya.

Alikuwa hali chakula. Alikuwa anakwenda skuli na uso mweupe, na mwalimu wake alisema anasinzia darasani hali macho yamefunguka, na nyumbani alikaa karibu na mlango wa mbele, amevaa viatu, hata ikiwa hakuna safari. Daktari wa Muttrah alimpa dawa ya minyoo.

Kisha ikaja asubuhi ya Riyam. Ile barabara unaijua, imechongwa ubavuni mwa mlima, mkono mmoja jiwe na mkono wa pili bahari iko chini kabisa. Gari ilikuwa inapanda, Harub ameshika usukani na fikra zake ziko ofisini, Mahfoudha ameshika mkoba, na nyuma yao wakamsikia mtoto wao, mtoto aliyekulia Kuwait, ambaye tangu amri ya baba yake hakutamka neno la kwao, akisema kwa Kiswahili cha Unguja, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kumwona mtu, "Njoo, njoo upesi, nafasi ipo," na hapo hapo upepo ukaingia ndani ya gari wote kwa pamoja, karatasi za Harub zikaruka, na alipogeuka aliuona mlango wa nyuma uko wazi, na ng'ambo ya mlango hakuna barabara, hakuna jiwe, kuna mwanga wa bahari tu, na katikati ya mwanga mguu wa mwanawe, soksi nyeupe, kiatu cheusi, unatafuta pa kukanyaga.

Mahfoudha ndiye aliyemdaka, alipitisha mwili mzima juu ya kiti cha mbele. Harub akafunga breki. Walikaa hivyo, gari imezimika ukingoni, mama amemkumbatia mtoto, na mtoto ametulia kabisa.

"Kaniletea maziwa yangu," Nasriya akasema sikioni mwa mama yake.

Juu ya kiti, pale palipoachwa nafasi, palikuwa na matone meupe. Mahfoudha aliyafuta kwa ukingo wa buibui lake kabla Harub hajageuka.

Siku iliyofuata Bi Shaikha alimtuma Sleyum, kwa gari yake Sleyum, kumchukua Maalim Ghanim. Alikuwa mtu wa Bahla, mji uliosifika kwa elimu ya majini, mzee mkavu, hana hirizi mkononi wala kitabu kwapani. Alifika baada ya alasiri. Gari ilikuwa uwanjani, mbele ya nyumba. Aliizunguka mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtu homa, akawataka wakae kama wanavyokaa asubuhi. Mahfoudha alisema kichwa kinamuuma.

"Kitakuuma ndani ya gari," akasema Maalim Ghanim. "Kaa."

Wakakaa. Bi Shaikha akashikilia mlango wa mtoto, Sleyum yuko nyuma yake. Maalim akaanza kusoma, sauti ya chini, na akasoma muda, kisha akasema, "Washa."

Harub akapinda ufunguo, na safari hii injini haikushika. Alitoa ufunguo, akauweka juu ya paja, na sauti ikaendelea.

"N'ngojeni. N'ngojeni. N'ngojeni."

Maalim akaiuliza kwa Kiarabu: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Sauti ikasema yale yale. Akauliza tena kwa ukali. Akakuna kidevu.

"Huyu hajui ninalosema. Jini wa hapa angenijibu, hata kwa matusi. Nyinyi mmetoka wapi?"

"Kuwait," akasema Harub.

"Na kabla ya Kuwait?"

Hata saa hiyo, sauti ile ikitoka kwenye chuma kilichozimwa, mtu mzima anatazama usukani kwa sababu ya wenziwe wawili wa ofisini.

"Mwambie, mwanangu," akasema Bi Shaikha. "Ama ntamwambia mimi, na Kiarabu changu unakijua."

"Unguja," akasema Harub.

"Basi nifasirie. Si ndiyo kazi yako, nimeambiwa? Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ni kelele tu."

Nyuma, mlango ambao Bi Shaikha alikuwa ameushikilia ulifunguka. Haukutikisika, ulifunguka taratibu, ukamsukuma bibi pembeni, na Sleyum aliyeuegemea kwa bega lake lote akateleza na viatu vyake mchangani. Nasriya alikuwa amenyoosha mkono nje. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, kama vya mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mrefu, na alikuwa anavutika juu ya nailoni, polepole, anatabasamu.

"Anasema tumngoje," akasema Harub upesi. "Anasema n'ngojeni. Maana yake nisubirini."

"Na sasa?"

Sauti ilikuwa imebadilika. Ule mkwaruzo ulikuwa umekwisha kabisa. Ilikuwa sauti ya mwanamke tu, amechoka, anauliza jambo ambalo amekuwa akiliuliza muda mrefu.

"Nani kasema tumo?"

Harub alifungua mdomo na kufasiri kukamshinda. Barua zote zile za serikali, na neno moja la kwao halina Kiarabu. "Anauliza nani… tumo. Tumo ni, ni sisi. Sisi ndani. Wote, hajabaki mtu." Alikuwa anasema haraka, Kiarabu kimechanganyika na Kiswahili na yeye mwenyewe hajui. "Ndiyo kawaida ya nyumba yetu, maalim. Baba yangu alikuwa hatii gia mpaka aulize, sote tumo? Mtu ajibu, tumo. Hata kwenda mazikoni. Na siku ile pia niliuliza. Nilikuwa chini, chini ya jamvi, sioni kitu, dereva ananihimiza, nikauliza, sote tumo?"

"Nani alijibu?"

"Mimi nilikuwa mbele," akasema Bi Shaikha, "nimefumba macho, nasoma. Sikujibu mie."

"Nani kasema tumo?" ikauliza gari.

Nasriya alikuwa amefika ukingoni mwa kiti. Sleyum alimshika kiuno, Bi Shaikha alimshika mguu, na wote wawili walikuwa wanaburutwa naye mchangani, na mbele yao palikuwa uwanja mtupu na jua la jioni na harufu ya maziwa, si yaliyolala tena, mabichi, ya moto, yametoka jikoni sasa hivi, na mtoto akawa anacheka kile kicheko cha tumboni ambacho watoto wachanga hucheka na ambacho nyumba ile haikukisikia tangu aliposhuka mgongoni mwa yaya wake.

"Sikilizeni," akasema Maalim Ghanim. Alikuwa ametoka jasho. "Mimi naweza kulisomea mpaka usiku, halitatoka. Halikuja kwa uovu, limekuja kwa jawabu. Aliyejibu siku ile alirudishe jibu lake kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna wa kumrudishia. Na kama hataki, aliyeachwa atalipwa nafasi kwa nafasi, na nafasi iliyopo ni ya mtoto."

Harub alianza kufasiri, akakumbuka aliyebaki kujibu anakijua Kiarabu. Akageuka akamtazama mkewe. Mahfoudha alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, anatazama mbele kupitia kioo kama mtu anayengoja gari iondoke. Kiatu kimoja cha Nasriya kilianguka mchangani.

"Mama," akaita mtoto. Hakuwa anamwita yeye. Alikuwa anamwita yule aliyemshika mkono.

Na hapo Mahfoudha akasema, kwa Kiswahili, sauti ndogo, kama aliyekuwa akiisema kila siku moyoni na leo mdomo umemponyoka.

"Hakukataa. Mimi nilimtuma. Nilimwambia arudi ndani afate chupa ya mtoto. Mtoto alikuwa hataki kwangu, alikuwa analia ukimtia mikononi mwangu, miezi minane, Harub, mwanangu mwenyewe. Nikamwona anatoka mbio, chupa mkononi, ananitazama mimi. Alikuwa ameshafika kwenye mti wa mlangoni. Wewe ukauliza chini ya jamvi, sote tumo? Nikamtazama usoni, nikasema tumo."

Nyuma yake vidole vya Nasriya vikakunjuka, mkono ukaanguka mtupu.